Tulichanga kwenda kuiona studio, tukageuzwa kichekesho

Kama unasomea habari hapa Dodoma na darasa lenu linapanga kutembelea studio ya televisheni, soma hii kwanza. Jina la kituo nalihifadhi, maana wengine bado tunatafuta nafasi ya filidi huko huko.

Tulienda kipindi kile cha vumbi, kabla mvua hazijaanza, kwa michango yetu wenyewe. Studio ni nzuri, sisemi uongo. Viatu tulivua mlangoni, na ndani kiyoyozi kilituliza joto lote la barabarani.

Shida ilianzia kwenye ukuta wa kijani wa utabiri wa hali ya hewa. Mwenzetu mmoja akaambiwa asimame pale ajaribu. Alikuwa amevaa ushungi wa kijani, na barua ya kutukaribisha haikugusia mavazi hata kidogo. Kwenye monita ushungi ukapotea. Uso ukabaki unaelea, na kati ya kidevu na kifua ikaonekana ramani, usawa wa Manyoni hivi. Prodyuza akaangua kicheko, akawaita wenzake watoke chumba cha mitambo waje kuona. "Huko chuoni mnasoma nini kama hata hili hamlijui?" Mwingine akatoa simu akarekodi. Dada wa watu akashuka pale machozi yakimlengalenga.

Jamani, lile ndilo lilikuwa somo zuri kuliko yote siku ile! Mtambo umeamriwa ufute kila kilicho kijani na kuweka ramani mahali pake. Utajuaje kwamba huu ni ukuta na ule ni ushungi? Na kijani kinapendwa kwa kuwa kiko mbali na rangi ya ngozi ya binadamu. Maelezo ya dakika mbili tu. Tulikwenda kufundishwa, hatukwenda kwenye usaili.

Aliyetuokoa ni fundi taa, mzee mmoja mpole. "Njoo mwanangu, usijali," akamtafutia mtandio mweusi chumba cha vipodozi, akamrudisha kamerani. Akatuonyesha kwamba ukisimama karibu mno na ukuta, kijani kinakurukia mabegani na kingo za mwili zinaanza kulika. Kumbe mtangazaji naye haioni ramani iliyo nyuma yake, anachungulia monita ya pembeni. Mimi nilinyoosha mkono kuonyesha Dodoma, nikaangukia Tabora.

Nilishaamua kutoa nyota moja. Kwa ajili ya mzee yule nikasema tatu. Ila chumba cha kuongozea matangazo, ambacho ndicho hasa nilichokifuata, tulipitishwa mbiombio kama tunafukuzwa, basi mbili. Halafu nimekumbuka ile video: tuliomba ifutwe, prodyuza akajibu, "Acheni utoto." Haya, moja. Mzee wa taa mpeni tano zake pembeni.