Miaka mitatu ya digrii ya uchumi Kampala: nilichotarajia na nilichokikuta

Kila msimu wa kuomba vyuo ukifika, wadogo zangu walioko S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, wananiuliza swali lilelile: uchumi ni kozi nzuri? Nimeimaliza, nimekaa mtaani mwaka na ushei, basi naandika niliyoyaona. Chuo sitakitaja, maana nina malalamiko kidogo na bado nadai transkripti yangu. Masomo yenyewe nayapa nyota nne kati ya tano. Usimamizi wa utafiti wa mwaka wa mwisho, moja na nusu.

Mimi ni mtoto wa Busia. Mama anauza mahindi mpakani, na kubadilisha shilingi ya Kenya kwa ya Uganda kichwani nilikujua kabla ya kujua kusoma vizuri. Sekondari nilichukua HEG, yaani historia, uchumi na jiografia, na kwenye uchumi nilikuwa mkali. Hapo ndipo nilipojidanganya. Uchumi wa S6 ni wa kumwaga pointi: toa sababu za umaskini, eleza faida za kilimo cha biashara, funga karatasi. Nikaenda Kampala nikidhani nitaendelea kumwaga.

Wiki ya pili mhadhiri alijaza ubao herufi za Kigiriki. S5 nilikuwa nimelikimbia somo dogo la hesabu nikachukua la kompyuta, na hesabu ikaja kunidai deni lake huku: kalkulasi, matriksi, na ile mbinu ya Lagrange ya kutafuta kilicho bora kabisa wakati mfuko una kikomo. Wenzetu waliosoma hesabu sekondari walikuwa wanapiga miayo. Sisi wa HEG tulikaa nyuma tukitazamana. Somo lile nilipiga riteki, yaani nilifeli nikarudia mtihani, wala sioni aibu, kwa sababu siku ya riteki nilikuta karibu benchi letu zima.

Aliyeniokoa ni dada mmoja aliyekuwa akisoma takwimu, jirani yetu wa hosteli, aliyetufundisha jioni kwa malipo ya rolex za Wandegeya. Kwa asiyejua, hiyo ni chapati iliyoviringishiwa mayai, si saa. Alituuliza: "Mama yako akiongeza gunia moja kwenye lori, gharama inaongezeka kiasi gani? Hilo gunia moja la mwisho, siyo lori zima." Basi. Nusu ya hesabu ya mwaka wa kwanza ilikuwa hiyo, na hakuna aliyekuwa ametuambia.

Kozi ilianza kunoga mwaka wa pili, tulipofika kwenye fedha na benki. Nakumbuka 2011 nikiwa mdogo, sukari ilipanda bei mpaka nyumbani tukanywa chai bila sukari, na mama akaacha kukopa kabisa. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Darasani tukachorewa mwaka ule: mfumuko wa bei ulipita asilimia 30 mwezi Oktoba, na Benki Kuu, iliyokuwa imeanza Julai kutangaza riba yake kuu kwa asilimia 13, ikaipandisha hadi 23 kufikia Novemba. Riba za mabenki zikafuata. Nilikaa pale nikiiona meza yetu ya Busia ndani ya mchoro wa mhadhiri. Ikiwa unasoma uchumi, subiri siku kama hiyo. Mimi niliisubiri karibu miezi kumi na minane.

Siku nyingine nzuri ilikuwa ya kodi ya mobile money. Julai 2018 serikali ilianza kutoza asilimia 1 kwenye miamala, watu wakapiga kelele, ikashushwa hadi nusu asilimia na kubaki kwenye kutoa pesa tu. Tulibishana saa mbili: nani hasa aliibeba kodi ile, wakala au mteja? Na watu waliorudi kubeba noti mfukoni, huo ndio mnyumbuko wa mahitaji, yaani watu wanapunguza kiasi gani matumizi ya kitu bei yake ikipanda, neno nililokuwa nimelikariri S5 bila kulielewa. Mabishano yote kwa Kiingereza, bila shaka. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu katiba irekebishwe 2005, lakini kwenye ukumbi wetu hakikuwahi kuvuka mlango. Nje ni Kiganda.

Usichokitarajie: kufundishwa biashara. Watu wa nyumbani walidhani nitarudi kumwonyesha mama namna ya kupata faida. Hakuna somo hilo. Anayetaka kuendesha duka akasome biashara au uhasibu.

Sasa utafiti. Nilitaka kujua bei ya mahindi ya Busia inafuata Kampala au inafuata Nairobi. Wazo lilitokana na Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayoletwa na ukungu. Marufuku ilidumu siku chache tu kabla ya kulegezwa kwa masharti, lakini magunia ya mama yalishalala mpakani. Msimamizi wangu alipokea rasimu ya kwanza akakaa nayo wiki tisa. Tisa. Nikimpigia, yuko warshani. Iliporudi ilikuwa na maneno mawili kwa kalamu nyekundu: "Rekebisha data." Data gani, wapi, hakusema. Programu ya takwimu iitwayo Stata tulikuwa tumeonyeshwa kwenye slaidi, tukaambiwa tutaizoea wenyewe. Nilijifunza R, programu nyingine ya takwimu, usiku kwa sababu ni ya bure, bando ndiyo iliyonila.

Jibu likatoka: Nairobi. Nikampigia mama kwa furaha.

"Mwanangu," akasema, "miezi yote hiyo? Si ungeniuliza."

"Na bei ikibadilika Nairobi, kwako inafika baada ya muda gani?"

Akasema siku hiyohiyo. Namba zangu zilionyesha inachukua wiki kadhaa, na inapopanda inachelewa kuliko inaposhuka. Alinyamaza, kisha akaanza kuwataja madalali kwa majina. Namba zangu hazikuwa na uwezo wa kumshtaki dalali yeyote, na nilimwambia hivyo. Hakufurahi.

Kazi niliyonayo sasa ni ya kukusanya na kusafisha data za kaya kwenye kampuni ndogo ya utafiti. Kwenye usaili hakuna aliyeniuliza nadharia hata moja. Walinifungulia laptopu yenye faili la Excel lililovurugika, wakaniambia nina dakika arobaini. Mwenzangu mwenye shahada ya daraja la kwanza, mkali wa nadharia kuliko mimi, alikwama pale. Wengine wa darasa letu wako kwenye kaunta za benki, na wawili bado wanatembeza bahasha.

Mdogo wangu ameingia S5. Alitaka HEG kama mimi, kwa kuwa alama zangu zilikuwa nzuri. Nilikwenda naye shuleni mwenyewe, tukafuta historia tukaandika hesabu. Ananuna mpaka leo.