Harufu ya Mkojo wa Paka: Dawa ya Chokaa, ya Mlango wa Msaji na ya Zulia

Assalamu alaykum, karibuni tena. Leo nimevipanga vitu mezani mvione: siki nyeupe, peroksaidi ya duka la dawa, soda ya kupikia, sabuni ya unga, chupa ya dawa ya vimeng'enya (protini zinazovunjavunja uchafu) iliyoletwa kutoka Dubai, na huku pembeni chetezo na udi. Mliniomba niseme ipi inaondoa harufu ya mkojo wa paka. Jibu langu linategemea mkojo umeingia wapi, kwa sababu dawa inayofaa kigae inaweza kuula ukuta wa chokaa, na sisi wa Mji Mkongwe kuta zetu ndizo hizo.

Nianze na chetezo, nikiondoe mezani. Udi naupenda na nyumba yangu haikosi. Lakini ukiufukiza juu ya mkojo wa paka unapata harufu mbili chumba kimoja, na ya paka ndiyo inayobaki asubuhi. Fukiza ukishamaliza kusafisha.

Sasa tuuelewe mkojo wenyewe. Una urea, ambayo vijidudu huigeuza kuwa amonia, na hiyo ndiyo inayochoma pua. Una asidi ya yuriki, ambayo haiyeyuki vizuri kwenye maji. Hukauka ikawa chembechembe ndani ya vitundu vya ukuta na nyuzi za zulia. Halafu una kitu kinaitwa felinini. Dume asiyehasiwa anacho kwa wingi, na kikivunjika kinatoa ile harufu kali ya salfa ambayo mtu akishaijua haisahau. Ukipiga deki kwa maji na sabuni unaondoa urea, zile chembe zinabaki. Ndiyo maana kona iliyotulia kaskazi nzima, masika ikiingia na unyevu ukapanda, inanuka upya kana kwamba paka kapita jana.

Kabla hujamimina chochote, tafuta mahali penyewe. Ile tochi ya mwanga wa zambarau wanayokagulia noti madukani ndiyo kifaa. Subiri usiku, zima taa zote, imulike chini ya kuta, miguu ya makochi na nyuma ya mapazia. Mkojo mkavu unang'aa rangi ya manjano iliyofifia au kijani. Mabaki ya sabuni ya unga nayo yanang'aa, ila yao ni kama samawati nyeupe, kwa hiyo inama unuse uhakikishe. Zungushia chaki. Mara nyingi utakuta doa ni kubwa kuliko ulivyodhani, na limechuruzika mpaka sakafuni.

Siki. Kwenye vigae vya choo na vya jikoni naikubali: changanya nusu siki nusu maji, inaituliza amonia, na ni rahisi. Lakini tafadhali sana, siki isiguse ukuta wa chokaa. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na asidi inaila chokaa. Tazameni hapa, hiki ni kipande cha lipu ya zamani. Namimina... mnasikia inavyochemka? Ule ni ukuta wenu unaondoka. Sakafu ya terazo na ya marumaru nayo ni hivyo hivyo, inapoteza mng'aro na haurudi kwa kufuta. Limau na ndimu ziko kwenye hukumu hiyo hiyo.

Dawa yenye klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, sikuileta hapa mezani kwa makusudi. Klorini ikikutana na amonia ya mkojo inatoa gesi inayokaba kifua, na vyumba vyetu vingi vina dirisha moja dogo. Kama ndani kuna mtoto au mtu mwenye pumu, msijaribu kabisa.

Kwa ukuta wa chokaa, mimi nachagua peroksaidi. Inauzwa maduka ya dawa, ya asilimia 3. Ukipewa iliyoandikwa voliumu 20, hiyo ni asilimia 6 hivi, itie maji sawa kwa sawa. Kipimo changu ni lita moja ya peroksaidi ya asilimia 3, robo kikombe cha soda ya kupikia, na kijiko kidogo kimoja cha sabuni ya maji ya vyombo. Vaa glavu. Lowesha ukuta kuanzia juu kidogo ya doa mpaka chini, acha kama robo saa, futa kwa kitambaa kibichi, kisha fungua madirisha ukuta ukauke. Ukuta mkongwe umenywa mkojo miaka, hautatoka mara moja, rudia ukishakauka. Mchanganyiko huu unaunguza harufu ya salfa yenyewe, na chokaa nyeupe haidhuriki kwa rangi. Lakini tengeneza wa kutumia siku hiyo tu. Usiufungie kwenye chupa ukaweka kabatini, kwa sababu unatoa hewa na chupa itapasuka. Wala usiuchanganye na siki. Na usiupeleke kwenye zulia la rangi, busati, au mkeka wa ukili uliotiwa rangi, utaachia baka jeupe.

Hapa nisisitize jambo kwa wanaotaka kupaka chokaa mpya ili kufunika. Chokaa mbichi ikikutana na mabaki ya mkojo inaifukuza amonia itoke kwa nguvu, basi siku ya kupaka nyumba ndiyo inanuka kupita siku zote. Safisha, kausha vizuri, ndipo upake. Saruji na rangi ya plastiki ndiyo mbaya zaidi, inafungia unyevu ndani ya jiwe.

Tuje kwenye chupa ya vimeng'enya. Hii ndiyo ghali kuliko vyote mezani, na kwa kochi, zulia na godoro la sponji nasema inafaa gharama yake. Vimeng'enya vinaivunja ile asidi ya yuriki iliyoshindikana kwa maji. Wengi wanailaumu bure kwa sababu wanapulizia juu juu kama marashi. Mkojo umezama mpaka ndani ya sponji, na dawa lazima izame hapo hapo. Mimina mpaka ilowe, funika kwa kitambaa kibichi isikauke haraka, acha usiku kucha, kisha anika. Tumia maji baridi, maji ya moto yanaviua vimeng'enya. Na kama ulishamwaga klorini au dawa nyingine mahali hapo, suuza kwanza kwa maji mengi, la sivyo pesa yako imekwenda.

Sabuni ya unga ni ya kufulia. Soma nyuma ya pakiti kama imetaja vimeng'enya. Hivyo vyake kwa kawaida vinasaga protini, asidi ya yuriki haviiwezi. Kwa mashuka, foronya na kanga inatosha, loweka maji baridi, fua, anika jua la saa sita. Kwa kochi msijidanganye.

Mlango wa msaji au wa mfenesi unataka upole. Peroksaidi inaufifisha rangi na maji mengi yanauvimbisha. Mimi natumia vimeng'enya kwa kitambaa, nafuta kufuata mstari wa mbao, narudia, na ukishakauka siku mbili tatu naupaka mafuta ya mbao. Chini kabisa, pale mbao inapogusana na jiwe, ndipo shume, yaani paka dume, anapopapenda, basi pashughulikieni zaidi.

Ndugu zangu wa Pemba wananiandikia kuhusu mafuta ya karafuu na ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Najua harufu yake inashinda kila kitu, na kwetu yapo tele. Lakini ini la paka haliwezi kuivunja dawa kali iliyomo ndani ya karafuu. Paka anakanyaga, anajilamba miguu, sumu inaingia. Vivyo hivyo zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia maji. Tunataka harufu iondoke, paka abaki mzima.

Na paka mwenyewe, mtazameni anavyofanya. Akisimama, mkia juu unatetemeka, akarusha kidogo ukutani, huyo anatia alama yake. Akichutama akamwaga mengi kwenye zulia au kitandani, tafuta sababu nyingine: choo chake kichafu, kimewekwa karibu na chakula, au anaumwa. Dume anayechutama mara kwa mara, analia na hakitoki kitu, njia imeziba. Huyo ni wa kukimbizwa kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, maana anaweza kufa ndani ya siku chache.

Kwa anayetia alama, hakuna chupa hapa mezani inayoshinda kuhasi. Kama madume 9 katika 10 huacha au hupunguza sana, na afadhali afanyiwe akiwa na miezi mitano au sita, kabla hajazoea. Najua wapo wanaosita kwa ajili ya dini, na wanazuoni wametofautiana; muulizeni shekhe mnayemwamini, na daktari pia. Ila msimpige. Paka mwenye hofu anarusha zaidi. Shume wa mtaani, msimwekee vichwa vya samaki mlangoni. Mlisheni mbali kidogo, naye atauona mlango kuwa si wake.

Kuhusu sala, wengi mmeuliza. Katika hadithi ya sahaba Abu Qatada paka mwenyewe si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani. Mkojo wake kwetu Washafii ni najisi. Basi dawa ikishafanya kazi yake, maliza kwa maji safi yapite juu ya mahali hapo. Mswala ufueni peke yake.

La mwisho ni swali la mtazamaji wa Wete mwenye godoro la sufi. Hilo usilimiminie kitu, sufi ikilowa inashikamana na kuota ukungu. Fumua mshono upande ulioharibika, toa sufi yote iliyolowa uitupe, foronya yake iloweke kwenye sabuni yenye vimeng'enya, na sufi iliyobaki itandaze juani juu ya mkeka, uigeuzegeuze mpaka ikauke kabisa. Sufi ya kujazia ongeza mpya, kisha shona.