TAHADHARI: Anayeuza injini ya Garratt Kampala ni mwizi, msimpe pesa

Ndugu zangu wa treni ndogo za mfano, hasa nyinyi wa Kampala, Jinja, Mbale na wenzetu wa ng'ambo ya Malaba: kuna mwanamume anazunguka na injini moja ndogo ya mfano, nzuri mno, ya Garratt (lile gari la moshi refu lenye seti mbili za magurudumu), klasi 60 ya East African Railways, rangi ya damu ya mzee, kipimo cha HOm, yaani ya kutembea kwenye reli za upana wa milimita 12. Haiuzi. Anaionyesha tu. Anayelipa hurudi kwake na takataka. Mimi ameniibia shilingi milioni mbili na laki nne, na naandika haya mikono ikinitetemeka kwa hasira.

Kwa nini nilikuwa naitafuta hiyo injini mnajua wenyewe. Picha za meza yangu, niliyojenga juu yake mfano mdogo wa Tororo na reli zake, mmezitazama hadi mmechoka. Stesheni imekwisha, njia ya Mbale na Soroti imechepuka upande wake, Mwamba wa Tororo nimeujenga kwa wavu wa kuku na magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa ngano, kiwanda cha saruji kimebakiza bomba la moshi tu. Kilichokosekana ni injini yenyewe. Mabehewa nimekuwa nikiyavuta kwa dizeli ya Uswisi niliyoipaka rangi upya, na kila mzee wa reli akija kuangalia huuliza: "Gari la moshi liko wapi?" Baba yangu alifanya kazi shedi ya injini za reli, Tororo. Swali hilo huniuma.

Huyu bwana aliletwa kwangu na mwenzetu tunayemjua sote. Naye alidanganywa, kwa hiyo naomba asiguswe.

Sasa nisikilizeni kwa nini nilimwamini, maana tayari kuna watu wananicheka pembeni. Siku ya kwanza alipopiga simu nilimtega. Nikamwuliza kama ana klasi 59, zile Garratt kubwa zenye majina ya milima. Tapeli wa kawaida angejibu "ipo, mzee, leta pesa". Huyu alicheka kwa heshima, akasema: "Mzee wangu, 59 ya nini Tororo? Ile ilikuwa na tani 21 kwa ekseli, kazi yake Mombasa na Nairobi. Reli zetu za huku zilikuwa nyepesi. Wewe unataka 60, ile ya tani 11." Ni kweli tupu! Yaani mtu anakukatalia kitu ulichokiomba kwa sababu hakifai kwenye reli yako. Akaendelea, akasema 60 zilikuwa 29, zilipewa majina ya magavana, kwamba kuna zilizoundwa Ufaransa kwa niaba ya kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, na kwamba 6006 bado imesimama kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Hayo yote ni sahihi. Akaniambia alizaliwa kwota za reli za Nsambya, zile nyumba za wafanyakazi, kabla hazijavunjwa, na Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha kwota, cha watoto ambao baba zao walihamishwa kutoka Nakuru hadi Kampala hadi Kasese. Nani kati yenu angeshuku?

Tukakutana Kampala, mkahawa wa ghorofani karibu na stesheni. Nilimkuta amekwisha fika, amechagua meza ya ukutani penye soketi. Akapangusa meza kwa leso, akatandika kitambaa cha kijani, akaunganisha vipande vya reli kimoja baada ya kingine, akachomeka kontrola. Nilitoa rula yangu nikapima katikati ya reli: milimita 12, sawasawa na zangu. Ndipo akaitoa injini kwenye boksi, kwa mikono miwili, kama anayempokea mtoto mchanga.

Jamani, ilikuwa nzuri. Tangi la maji mbele, boila katikati, tangi la mafuta nyuma. Nikainama nikahesabu magurudumu ya nguvu, manane mbele na manane nyuma. Niliangalia chini nikaona gia, nikaona nyaya nyembamba zinazoshuka kwenye kila seti. Akazungusha kitufe polepole. Injini ikasogea. Haikuruka, haikukwama. Fito za pembeni zikapanda na kushuka, na seti ya mbele ikaanza kuachana kidogo na ya nyuma, kila moja na mwendo wake, kama Garratt halisi zilivyokuwa. Taa ya mbele ikawaka. Akaigeuza irudi, ikarudi. Dada aliyeleta chai alisimama na trei yake akauliza, "Ssebo, hicho kinatembea chenyewe?" Mimi koo lilikuwa limenikauka, sikuweza hata kumjibu. Nilimwona baba yangu pale.

Yule mwizi aliniangalia usoni akajua nimekwisha nunua.

Akasema, "Ngoja niifunge vizuri, mzee, barabara ya Jinja ina matuta, gia zisije zikalegea. Wewe maliza upande wako tuondoke kabla ya foleni." Nikatoa simu. Nikaingiza namba aliyonipa, likatokea jina la mwanamke. Nikamwuliza. Akajibu bila kusita kwamba ni laini ya mama watoto, yake imefika kikomo cha siku. Nikaingiza kiasi, nikaingiza namba ya siri. Mtandao ukasuasua. Nikaanza upya. Nilikuwa nimekaza macho kwenye kioo cha simu kama mtu yeyote anayetuma pesa nyingi, kwa sababu ukikosea tarakimu moja pesa imekwenda kwa mgeni. Na muda wote huo nasikia karatasi zikikunjwa, nasikia gundi ya utepe ikivutwa, na yeye anaongea! Ananieleza jinsi ya kupaka mafuta kwenye ekseli, tone moja kwa sindano, nisizidishe. Ananipa ushauri wa kutunza injini huku anainyofoa chini ya meza na kuiweka kwenye begi lake!

Nilipoinua kichwa boksi lilikuwa mezani, limefungwa kwa utepe wa kahawia. Boksi lile lile. Pembe ile ile iliyobonyea upande wa kushoto, na karatasi ile ile ya bei iliyochanika nusu. Maana yake amekaa nyumbani kwake akabonyeza pembe na kuchana karatasi ya boksi la pili hadi likafanana na la kwanza. Nilipolinyanyua lilikuwa na uzito ule ule. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniita baba.

Wapo watakaosema ningefungua boksi palepale. Nilikwisha kuiona ikitembea! Nilikwisha kuipima na kuihesabu! Ningefungua kutafuta nini tena? Ungekuwa wewe ungefunga utepe na kuufungua na kuufunga tena huku teksi inaondoka?

Nililipakata boksi hilo mapajani kutoka Kampala mpaka Tororo. Kondakta alitaka kuliweka nyuma chini ya magunia, nikakataa, nikalipia kiti cha pili. Nyumbani walikuwa wananisubiri mke wangu, watoto, na wazee wawili waliofanya kazi shedi pamoja na baba. Mmoja alikuwa amevaa kofia yake ya kazi ya zamani. Nikaweka boksi kando ya meza, nikapitisha kisu kwenye utepe, na kabla sijafunua kifuniko nikasikia harufu ya sabuni.

Ndani mlikuwa na kipande cha sabuni ya mche, ya kufulia, kimeviringishwa kwenye gazeti na kutiwa kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, ili kisicheze. Juu yake kuna kiinjini cha plastiki cha kijani, cha pambo, aina ile inayouzwa pamoja na magazeti ya wakusanyaji huko Uingereza. Hakina mota. Magurudumu yamegandishwa, kimeshikizwa kwa skrubu kwenye kibao cha plastiki. Hata Garratt si. Mtoto wangu mdogo akauliza kama hiyo ndiyo ya babu. Yule mzee mwenye kofia akaivua, akasema amekumbuka kitu nyumbani, akaondoka. Sijaonana naye tangu hapo, na sijui nitamwangalia vipi.

Nikapiga simu, haipokelewi. Nikapiga kwa simu ya mke wangu, ikapokelewa. Aliposikia sauti yangu akakata. Ile namba ya mwanamke haipatikani kabisa, na pesa zilitolewa kwa wakala kabla sijavuka daraja la Jinja.

Polisi nilikwenda. Nilipewa namba ya kesi, ila aliyeandika maelezo aliandika "mwanasesere wa treni", akaniuliza kama mtu mzima analia kwa ajili ya mchezo wa watoto. Nikamwambia milioni mbili na laki nne si mchezo wa watoto. Nikamwambia wizi ni wizi, hata kama kilichoibwa ni njiti ya kiberiti. Na nyinyi ndugu zangu mkienda kushtaki msikubali waandike "mwanasesere". Andikisheni injini ya umeme, na bei yake.

Baada ya kuanza kusema, wengine wakajitokeza. Kaka wa Jinja aliuziwa na mtu mwenye sura hiyo hiyo injini ya Märklin, kampuni ya Kijerumani ya treni za mfano, akaambiwa itatembea kwenye reli zake za kawaida za HO, kipimo kile cha reli pana kidogo kuliko zangu. Wenye uzoefu mnajua: Märklin hunyonya umeme katikati ya njia kwa kile kiatu kirefu kilicho chini ya tumbo, na magurudumu yake ya kushoto na kulia hayajatenganishwa. Ukiiweka kwenye reli za umeme wa pande mbili inapiga shoti papo hapo. Aliunguza kontrola yake. Yeye angalau ana injini halisi anayoweza kumuuzia mwenye njia za Märklin. Mwingine, Entebbe, alitumiwa video tu, akalipa "ushuru wa Malaba" kwa mzigo ambao haukuwahi kuwepo. Kwenye video hiyo nimeitambua injini ile ile, na kitambaa kile kile cha kijani.

Kwa hiyo injini ni moja na ndiyo chambo. Anaitumia kula pesa za watu Uganda nzima.

Mtu huyu lazima afungwe. Sheria yetu inasema kujipatia mali kwa udanganyifu ni kifungo cha hadi miaka 5, na mimi naona hata hiyo ni michache kwa mtu anayetumia majina ya baba zetu kuiba. Sitaki apigwe na watu barabarani. Hapana, asije akafa akawa ameponyoka. Nataka aende gereza la Luzira. Nataka asimame mbele ya hakimu na kitambaa chake cha kijani kitandikwe mezani kama kielelezo, aeleze pesa za kila mmoja wetu ziko wapi. Nataka arudishe shilingi kwa shilingi, na ile injini ichukuliwe na mahakama isiwahi kurudi mikononi mwake. Na huyo mwanamke mwenye laini naye aitwe, maana jina lake liko kwenye kumbukumbu za pesa na laini husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa. Hawezi kusema hajui. Na wakala aliyemtolea pesa aulizwe!

Mnaoniuliza mtamjuaje: ni mwembamba, makamo, ana kovu dogo juu ya jicho, mpole mno wa maneno. Anabeba begi kubwa kuliko mzigo. Huchagua meza ya ukutani na hukaa upande wa begi. Jina la kwenye pesa si lake. Atataka ulipe wakati anafunga, si kabla wala baada. Akitaka kukufungia boksi, shika injini mkononi mwako na uifunge mwenyewe, yeye ndiye asubiri. Namba zake nimewapa polisi. Anayezihitaji anitafute kwa faragha.

Na jambo la haraka: tangu juzi anawapigia watu wa Mbale, anasema ana mabehewa ya saruji ya East African Railways, yamechakazwa kwa rangi kama yaliyotoka kiwandani. Anajua kuna watu wanajenga njia ya Soroti. Akikupigia usimtukane wala usimwambie umesoma haya. Kubali, mwambie pesa ipo, chagua wewe mahali na saa, kisha nipigie mimi kabla hujatoka nyumbani. Nitakuja na namba ya kesi, na kaka wa Jinja yuko tayari kuja nami.