Kisomaji cha OBD kwenye Injini ya Dizeli: Kupima Tyuning kwa Takwimu, Si kwa Hisia

Mwenye gari la dizeli akishafanyiwa tyuning, yaani kubadilishiwa mipangilio ya injini ili itoe nguvu zaidi, huulizwa kwanza kama gari linavuta, naye karibu kila mara hujibu kwamba linavuta kuliko zamani. Jibu hilo halithibitishi kitu, kwa sababu fundi anaweza kubadilisha mwitikio wa eksileta peke yake, mafuta mengi yakaingia mapema pedali ikiwa imeguswa kidogo tu, na gari likaonekana jepesi ilhali nguvu yake ya juu haijaongezeka hata kidogo. Kwa hiyo nimekitathmini kisomaji cha kawaida cha OBD (mfumo wa gari wa kujichunguza na kutoa takwimu za injini), kile kinachochomekwa kwenye soketi iliyo chini ya usukani na kutuma takwimu kwenye simu kwa Bluetooth, nikitaka kujua jambo moja: je, kinatosha kuonyesha kama tyuning imefanya kazi?

Kwa kupima nguvu ya kusukuma gari, kinatosha vizuri sana. Chagua gia moja, tafuta sehemu tambarare na salama inayoruhusu mwendo huo, kanyaga eksileta hadi chini kutoka kilomita 80 hadi 120 kwa saa, kisha rudia ukielekea upande wa pili ili upepo na mteremko visikudanganye. Gari la kilo 2,000 linahitaji takriban kilojuli 617 kupanda kati ya kasi hizo mbili. Likitumia sekunde 10, huo ni wastani wa kilowati 62 hivi, na likitumia sekunde 9 ni karibu kilowati 69, bila kuhesabu nguvu inayoliwa na upepo na msuguano. Soma mizunguko ya injini badala ya kasi, kwa kuwa OBD hutoa kasi kwa namba kamili tu, wakati mizunguko huja hadi robo ya mzunguko kwa dakika, na ndani ya gia moja isiyoteleza vitu hivyo viwili hupanda pamoja. Mzigo na kiasi cha mafuta tangini visibadilike, na joto la hewa liandikwe, maana hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 10 hupoteza takriban asilimia 3 ya uzito wake kwa ujazo uleule. Usirekodi vipimo vingi kwa pamoja. Kisomaji huuliza kimoja kimoja na kusubiri jibu, hivyo kadiri unavyoongeza orodha ndivyo kila kipimo kinavyobaki na nukta chache kwenye grafu.

Kasoro kubwa iko kwenye presha ya turbo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), mahali hasa ambapo mwenye dizeli anataka kuangalia. Kipimo cha kawaida cha OBD cha presha ya hewa inayoingia kwenye injini kinaishia kilopaskali 255, na humo mna presha ya anga yenyewe, ambayo usawa wa bahari ni kama 101. Dizeli nyingi za sasa zenye turbo huvuka kiwango hicho, hasa baada ya tyuning. Matokeo yake grafu hupanda, hufika 255, kisha hunyooka kama rula, na mwenye gari huridhika kwamba presha imetulia wakati huenda inapita kiasi kilichoombwa na kompyuta ya injini. Programu inayosoma vipimo vya mtengenezaji wa gari huliondoa tatizo hili, tena huonyesha presha iliyoombwa kando ya presha iliyopatikana. Bila uwezo huo, nisingemshauri mtu anunue kwa kazi hii.

Wenye visanduku vya tyuning, yaani vifaa vinavyounganishwa kati ya sensa na kompyuta ya injini, wawe waangalifu zaidi. Vingi vyake hupunguza ishara ya sensa ya presha ya mafuta ili kompyuta iamini kwamba presha iko chini na kuipandisha. Kisomaji husoma ishara hiyohiyo iliyochakachuliwa. Hata matumizi ya mafuta yanayoonekana kwenye dashibodi huwa madogo kuliko ukweli, kwa sababu nozeli zinatoa mafuta zaidi ya yale ambayo kompyuta inadhani imetoa. Hapo kipimo cha haki ni kujaza tangi, kuendesha, kujaza tena na kugawanya lita kwa kilomita. Joto la moshi kabla ya turbo nalo halitaonekana kama gari halina sensa hapo, na mwenye kuvuta mizigo mizito anapaswa kufungiwa sensa hiyo kwanza.

Ninakipendekeza kwa mtu atakayerekodi gari lake kabla fundi hajaligusa, kwa sababu rekodi ya baada peke yake haina cha kulinganishwa nacho. Anayetaka kilowati kamili za injini aende kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari), apimwe kabla na baada kwenye mashine ileile, kwa gia ileile na kanuni ileile ya kusahihisha matokeo kulingana na hali ya hewa, na aombe grafu zote mbili badala ya namba ya juu pekee.