Kili Marathon, kilomita 21: Mweka kupanda ni afadhali, ngoja kushuka

Mimi ni mkimbiaji wa Dar. Mlima wangu mkubwa ulikuwa Daraja la Tanzanite, ambalo ukishaanza kulalamika limeshaisha. Nilipojiandikisha nusu marathoni ya Kilimanjaro kule Moshi, wenzangu wa mazoezi walinicheka, wakaniambia nitafute jengo refu nipande ngazi. Nilipanda wiki mbili, nikachoka nazo.

Kwa asiyejua, mbio ziko za kilomita 42, 21 na 5, na zote zinaanzia na kuishia kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Hiyo ya 5 ndiyo ya familia nzima: watoto, wazee, wanafunzi, watu wa kupiga picha. Dada yangu alikimbia hiyo, akamaliza, akala, akalala, mimi bado niko barabarani.

Malazi tafuta mapema. Mimi nilichelewa, nikaangukia gesti moja (jina naliacha) ambako maji yalikatika Jumamosi usiku nikaoga kwa chupa mbili za maji ya kunywa. Na chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, jambo ambalo Jumamosi halikunisumbua hata kidogo.

Jumapili alfajiri Kibo ilikuwa wazi, nyeupe juu, mpaka watu wakasahau kufunga kamba za viatu. Itazame wakati huo, maana jua likipanda inajifunika mawingu na hutaiona tena. Tukaachiwa. Mwanzo unapita mjini, miguu mibichi, makelele kila upande, nami nikajiona mtu. Nikawafuata vijana ambao hata sura zao zilionyesha si saizi yangu.

Kisha ikaja barabara ya Mweka. Usitegemee kilima kimoja kikali ukipande kiishe. Ni mwinuko usiokatika: unakata kona ukidhani pale ndipo, unakuta barabara bado inapanda. Mpaka unapogeuzia umepanda mita mia tatu na ushee kutoka mjini. Kizuri ni kwamba kadiri unavyopanda ndivyo joto la Moshi linavyobaki chini, na migomba na kahawa vinakaribia barabara hadi unapata kivuli.

Kwenye kilomita ya saba niliacha ubishi, nikatembea. Mbele ya duka alikaa bibi mmoja na beseni la ndizi, akitutazama tulivyokuwa tunahema.

"Shikamoo bibi," nikasema, na shikamoo yenyewe ikatoka nusu.

"Marahaba mwanangu. Mnafukuzwa na nani?"

Jamaa aliyekuwa nyuma yangu akamjibu, "Uzee, bibi!" Bibi alicheka mpaka kisu kikamdondoka. Ile kilomita sikuisikia.

Sasa kugeuza. Ndipo nilipofanya kosa la mwaka. Niliona mteremko, nikasema dakika zangu zote zilizopotea nazirudisha hapa. Nikaachia miguu. Nilipita watu kama arobaini, raha tupu, kwa takribani kilomita nne. Kumbe kwenye mteremko misuli ya mbele ya paja ndiyo breki. Kila hatua inavutwa huku inajikaza, na haikudai chochote hadi nilipofika tena mjini kwenye tambarare, jua la Februari limeshakolea. Hapo mapaja yaligeuka mbao. Wale arobaini walinipita mmoja mmoja, wengine wakiniambia "pole" kwa sauti ya upole kabisa, ambayo inauma zaidi.

Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 31. Dar nakimbia 2:08. Medali nimepata, na kucha ya kidole gumba cha kulia ilikuwa nyeusi kama mbegu ya papai, kwa sababu viatu vilinitosha vizuri mno. Mteremko unasukuma vidole mbele, hivyo njoo na viatu vyenye nafasi na ukate kucha siku mbili kabla.

Je, ningeshauri mtu aende? Ndiyo, hasa hiyo 21. Wa 42 wanakimbia kwanza nusu ya tambarare kwenye barabara kuu ya kuelekea Dar, wanarudi mjini, ndipo wanatumwa Mweka na jua kichwani. Hao nawaheshimu kwa mbali. Ila kama unatafuta muda wako bora, nenda kwenye mbio za tambarare. Huku panda polepole kuliko unavyotaka, na kushuka nako jibane.

Jumatatu nilipanda basi la kurudi. Korogwe tuliposimama kuchimba dawa, waliokimbia tulijulikana bila kuulizana: tulishuka kinyumenyume, mlango tumeushika kwa mikono miwili.