Jeep za mlima Merapi, Yogyakarta: uzoefu wangu

Kama unaenda Yogyakarta kule kisiwa cha Java, Indonesia, na una asubuhi moja tu ya kutoka nje ya mji, panda jeep za Merapi, ile volkano ya pale. Wengi wanakimbilia mahekalu ya Prambanan, picha mbili tatu, wanarudi mtaa wa Malioboro mjini kununua batiki, sawa ni pazuri, ila huu mkoa huwezi kuuelewa bila kufika kwenye volkano yenyewe.

Mnaanzia upande wa Kaliurang, kwenye mteremko wa mlima, magari ya zamani yako wazi juu, bei ni kwa gari sio kwa kichwa kwahiyo mkiwa wanne mnachangia inakuwa nafuu. Dereva wetu kazaliwa vijiji vya pale pale chini ya mlima na hapo ndo nampa nyota zote tano, maana anaonyesha kwa kidole hapa palikuwa na nyumba, pale malisho, na wewe unaona mchanga na mawe tu.

Makumbusho ya Sisa Hartaku usiyaruke. Ni nyumba ya familia iliyopitiwa na majivu ya moto mlima ulipolipuka 2010, glasi zimekunjamana, pikipiki imebaki vyuma, kuna mifupa ya ng'ombe, na saa ya ukutani imeyeyuka mishale ikagandia saa sita na dakika tano usiku, ile tarehe 5 Novemba. Mlipuko ule kwa jumla uliua watu zaidi ya 350. Siku ya kwanza tu, 26 Oktoba, alifariki Mbah Maridjan, mzee aliyepewa na sultani kazi ya kuulinda mlima, aligoma kuhama. Ndo yeye alikuwa anaongoza sadaka ambazo ikulu ya sultani inapeleka mlimani kila mwaka, na hapo ujue usultani huu upo toka 1755 na sultani mpaka leo ndo gavana wa mkoa, hapigiwi kura.

Kilichoniudhi, kampuni tuliyochukua ilitupa dakika chache sana makumbusho halafu muda mwingi ukaishia mtoni kurushiwa maji. Kwahiyo elewaneni ruti na dereva kabla hamjalipa. Vaa barakoa, vumbi la kule si la mchezo, na beba koti, alfajiri kuna baridi, ila nenda alfajiri hiyo hiyo maana jua likishapanda kidogo mawingu yanaufunika mlima wote.