Miezi kumi na moja kwenye fremu ya mgahawa na baa Sinza, uzoefu wangu

Naandika hii nikiwa kaunta kwangu, Jumatatu saa nane mchana, kuna wateja wawili na mmoja ni mjomba wangu kwahiyo hahesabiki. Watu wananiuliza sana hii ishu ya kupanga sehemu ya mgahawa na baa hapa Dar ikoje, hela ngapi, nani wa kumwamini, sasa badala ya kumjibu mmoja mmoja wacha nieleze yote yaliyonikuta.

Mimi nilikuwa napika nyumbani Kijitonyama napeleka misosi maofisini Makumbusho, hotpoti zangu, bodaboda wangu, maisha yanaenda. Ila wale wateja wa mchana jioni wanatafuta pa kukaa, wanaenda kula na kunywa kwa watu wengine, nikaona mbona hela yangu inapita hivi hivi naiangalia. Nikaanza kutafuta sehemu mwezi wa saba 2024.

Masaki nilienda siku moja tu, nikatajiwa dola 2,500 kwa mwezi na wanataka ya mwaka mzima, nikashukuru nikaondoka zangu. Saizi hairuhusiwi kutaja bei kwa dola, kanuni zilitoka Machi 2025, ila shoga yangu aliyeenda juzi kuulizia anasema wanakutajia shilingi ambayo ukipiga hesabu inarudi kwenye dola ile ile. Mwenge nako bei ilikuwa imeshuka nikajiona mjanja, kufika nakuta mwendokasi wanachimba, mbele ya fremu shimo na mabati ya mkandarasi, mwenye gari hana pa kuingilia. Nikakaa ng'ambo nusu saa nahesabu watu wanaoingia duka la jirani, wakaingia watatu na mmoja alikuwa anaomba chenji. Kuna nyingine iko barabarani kabisa, nzuri, ina hadi bustani, ila ukutani kuna X nyekundu, ile alama ya kubomolewa, imepakwa rangi juu na bado inaonekana ukisimama kwa pembeni. Dalali ananiambia hiyo ya zamani dada, walishaghairi. Mimi nina shangazi alikuwa anakaa Kimara, 2017 tulibeba mabati ya nyumba yake kwa mikono yetu, X siichezei.

Madalali sasa. Kila ukipelekwa kuona unatoa hela ya kuonyeshwa, mimi wengi walinichaji elfu kumi na mwingine elfu ishirini, hata kama picha alizokutumia WhatsApp ni za sehemu nyingine kabisa. Ukipata sehemu unamlipa dalali hela sawa na kodi ya mwezi mmoja. Na siku ya kulipa utashangaa wametokea watatu, yule aliyekuleta, aliyempa namba aliyekuleta, na mmoja ambaye mpaka leo sijui alifanya nini zaidi ya kuinama na kufunga kamba za viatu. Siwachukii lakini. Yule wangu mkuu alikuwa mvumilivu, tulizunguka naye miezi mitatu, na ndo aliyenipa hii fremu ya Sinza kabla haijatoka hadharani. Ila nilipomuuliza mpangaji wa mwanzo kaondoka kwanini akasema amepata safari. Kumbe safari yenyewe kahamia mtaa wa tatu kutoka hapa! Nilimfahamu baadae sana tukacheka mpaka akanipa soda. Ningemtafuta kabla ya kulipa ningeokoa kama milioni tatu, maana kila kitu nitakachoeleza hapa chini yeye alikuwa anakijua.

Sehemu yenyewe ni fremu mbili zimetobolewa zikawa moja, kibaraza kikubwa mbele, ua mdogo nyuma wenye jiko na vyoo viwili, halafu nyuma ya ua anakaa mama mwenye nyumba na wajukuu. Milioni moja na laki mbili kwa mwezi, miezi sita mkupuo. Nikamwamkia, nikakaribishwa chai, tukaongea vizuri, nikamwomba mama nipe hata mwezi mmoja wa kukarabati bila kodi maana hapa sakafu imekufa na jiko halina vigae, afisa afya hawezi kunipitisha hivi. Akaniangalia kwa huruma kabisa akasema mwanangu na mimi nina wajukuu wanasoma. Basi, kodi ikaanza kuhesabiwa tarehe 1 Novemba na mimi nikafungua tarehe 8 Februari. Hiyo miezi mitatu na wiki nimelipia kuta.

Kitu ambacho wengi hamjui mpaka kiwakute ni TRA, hawa wakusanya kodi za serikali. Ukipanga kwa ajili ya biashara, wewe mpangaji ndo unatakiwa ukate 10% ya kodi ya pango upeleke TRA kama kodi ya zuio, halafu mwenye nyumba umpe iliyobaki. Kwenye makaratasi ni hela yake yeye, wewe unaipeleka tu. Jaribu sasa kumwambia mama wa Sinza kwamba kwenye milioni saba na laki mbili utampa sita na laki nne themanini. Alinijibu kwa upole, "mwanangu mimi nilisema milioni na laki mbili mkononi." Mkononi! Neno hilo moja limenigharimu laki saba na ishirini, kwasababu nilivyoenda TRA kufanyiwa makadirio ya kodi ya biashara waliomba mkataba, wakauona, wakaniuliza zuio iko wapi. Na ushuru wa stempu 1% ya kodi ya mwaka, laki moja na arobaini na nne. Jumlisha na dalali milioni na laki mbili, na mwanasheria laki na nusu aliyeniandikia mkataba wa kurasa mbili ambao naona kabisa aliutoa kwenye mkataba wa saluni maana kipengele cha tano kilikuwa kinaongelea madraya. Milioni tisa na laki nne na ushee zimeondoka na sijanunua hata kijiko.

Umeme. Hapa nitakaa kidogo. Mita ya LUKU ilikuwa moja, tunachangia mimi, fundi cherehani na duka la vipodozi, na ni umeme wa njia moja. Nimeleta friji tatu, blenda, na mashine ya kukaangia, siku ya kwanza kujaribu tukawasha vyote pamoja, giza mpaka kwa fundi cherehani, akatoka na suruali ya mtu mkononi ananiuliza dada umefanyaje. Inabidi uombe mita yako na njia tatu, na TANESCO ukiomba wanataka ridhaa ya mwenye nyumba. Sawa, nikaandaa barua, naenda kugonga nyuma mjukuu ananiambia bibi kaenda Moshi. Ilikuwa tarehe 14 Desemba. Mnaowajua wenyeji wa Kilimanjaro na Desemba mshaelewa. Alirudi tarehe 17 mwezi wa kwanza na ndizi za kunipa, nikazipokea, nikamshikisha na kalamu palepale kabla hajavua viatu. Na ukishapata mita usishangae ukinunua umeme ukaona kuna kodi ya jengo imekatwa, tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, jengo la mtu ila anayenunua umeme ndo inamkuta. Ni hela ndogo, sema inauma kwa kanuni yake.

Leseni sasa, maana chakula na pombe ni leseni mbili tofauti. Ya biashara haikunisumbua sana, unaomba mtandaoni kwenye mfumo wa Tausi. Ya vileo ina kalenda yake, inatolewa kwa vipindi vya miezi sita sita, 1 Aprili mpaka 30 Septemba na 1 Oktoba mpaka 31 Machi. Mimi kwa kuchelewa kwangu kwa umeme, vigae na vyoo nikaipata tarehe 7 Februari. Piga hesabu. Nimeitumia wiki saba na siku chache ikaisha, nikalipia nyingine. Ningejua ningepanga mambo yangu niingie mwanzo wa kipindi, hata mwenye nyumba ningemwomba mkataba uanze mwezi unaoendana. Halafu wafanyakazi wapimwe afya, wapishi na wahudumu wote, na ukibadilisha mhudumu unaanza upya, na wahudumu wa baa Sinza wanabadilika kama nguo.

Sasa kijana wa chipsi. Wiki naingia, naona pale barazani kuna kijana ana kabati lake la chipsi, karai, mwavuli. Nikadhani anasubiri kuhama. Siku ya tatu nikamuuliza mdogo wangu wewe unaondoka lini, akanijibu kwa heshima kabisa kwamba yeye ana miaka mitatu hapo na analipa elfu tano kila siku kwa mama. Nikaenda nyuma. Mama akasema ndio, huyo ni kama mwanangu, na mkataba wako unasema fremu, haujasema baraza. Nikausoma tena ule mkataba wa madraya, kweli haujasema baraza! Nililala na hasira siku mbili. Lakini niseme ukweli, yule kijana ndo kaniokoa, ana wateja wake wa jioni wanakuja kwa chipsi mayai wanaona viti wanaona friji wanakaa. Sasa hivi tumeelewana, mimi sipiki chipsi, yeye hauzi kinywaji, na mishkaki anachukua kwangu. Baa nyingi hapa jiko ni la mtu mwingine kabisa anayelikodi, kwahiyo sio ajabu, ajabu ni kutokuambiwa.

Chemba ndo ugonjwa wenyewe. Dalali aliniambia maji taka yanaenda kwenye bomba la DAWASA. Hamna bomba. Kuna shimo moja ambalo linapokea nyumba ya mama, fremu zote nne, na sasa baa yenye watu wanaokunywa bia kumi kumi. Wiki ya tano baada ya kufungua, Jumamosi saa mbili usiku, watu wamejaa, mechi inaendelea, chemba ikafurika ikatokea uani karibu na jiko. Sitaelezea. Wateja waliondoka bila kulipa na sikuwalaumu. Gari la kunyonya lilikuja saa tano asubuhi ya Jumapili, laki na ishirini, na mwezi huo lilikuja mara tatu, na mwenye kutoa hela ni nani, mimi, kwasababu "wewe ndo una watu wengi mwanangu". Yule mpangaji wa safari, mliyemsoma pale juu, hii ndo safari iliyomhamisha.

Muziki nimeuacha mwisho kwasababu sikupata shida sana, sauti naizima saa nne siku za kawaida, spika nimezigeuzia barabarani sio uani. Mzee wa nyumba ya pili alikuja mara moja na mjumbe, tukaongea, nikampelekea supu Jumapili mbili mfululizo. NEMC, wale wa mazingira, wameshapita mtaani huku kufungia watu kwa kelele na mimi sina hela ya faini, na ukweli mteja wangu ni mtu wa kula, anataka amsikie mwenzake anaongea.

Kwahiyo mkiniuliza nyota ngapi, eneo naipa nne na nusu, Sinza watu wanatoka hata Jumanne, huwezi kukosa kabisa. Fremu yenyewe mbili. Dalali tatu, alinitafutia kweli ila kuhusu chemba alinidanganya huku ananiangalia machoni. Mkataba sifuri, na hapo wa kulaumiwa ni mimi niliyesaini. Mama mwenye nyumba sijui nimpe ngapi, siku nilipougua alinipikia uji akaniletea mwenyewe, na kesho yake akanikumbusha kodi.

Wanaosema panga sehemu yenye vitu vyake ulipe kilemba, yaani hela ya vitu na jina unavyovikuta, upate wepesi, nimeshawaza. Jamaa mmoja Tabata alilipa milioni sita ya kaunta, viti na jina, kuingia mwezi wa pili wanakuja ndugu watatu wanasema nyumba ni ya mirathi na aliyempangisha ni mmoja tu kati yao. Bora mimi, na mama yangu wa mkononi, hati nimeiona kwa macho ina jina lake.

Mkataba unaisha 31 Oktoba. Majuzi mama kaniita nyuma, chai, mihogo, akaniambia kodi mpya ni milioni na nusu maana sehemu imechangamka. Nikamwambia sawa mama imechangamka, ila safari hii naandika mimi: baraza liwe ndani, shimo jipya la choo uchimbe wewe au nichimbe mimi tukate kwenye kodi, na 10% ya TRA itoke kwako. Akanyamaza, akanimiminia chai nyingine, akasema ngoja kwanza aongee na kijana wake aliyeko Moshi. Leo ni siku ya sita. Kila nikisikia geti la nyuma linalia nageuka.